Vitabu vya kusoma kwenye kahawa hapa Kigoma: kipi cha kijiweni, kipi cha mgahawani

Kando_ya_Ziwa

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa vitabu vya kujifurahisha, vya kusoma huku kahawa iko mkononi, uwe Mwanga, Ujiji, Gungu au kokote. Vya mtihani na vya "tajirika haraka" vina nyuzi zake. Naanza, wengine mtaongeza na kunisahihisha.

Watu wengi hununua kitabu kizuri, wakakipeleka mahali pasipo pake, wakakichoka ukurasa wa ishirini, wakadhani kosa ni la kitabu. Kahawa yetu ina namna mbili. Kuna ya kijiweni: benchi, birika juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, kashata, drafti inachezwa pembeni, na kila anayepita anasalimia. Hapo vikombe vitatu ni robo saa, na katika robo saa hiyo utakatizwa mara tano. Halafu kuna ya mgahawani: meza, kiti chenye mgongo, kikombe kikubwa, saa nzima hakuna anayekugusa. Kitabu cha huku si cha kule.

Cha kijiweni kiwe na sura fupi na wahusika wachache, kiwe chepesi mkononi, na zaidi ya yote ukifunge katikati ya aya, umjibu mtu salamu yake vizuri, ukirudi ujue ulikuwa wapi. Kukipima dukani ni rahisi. Fungua katikati, mahali popote, soma ukurasa mmoja taratibu. Ukimaliza bila kujua nani anazungumza na nani, hicho peleka mgahawani. Kisha tazama sura tatu za mwanzo zina kurasa ngapi. Sura ya kurasa 8 hadi 12 inakaa vizuri kwenye kikao cha kijiweni. Ikifika 25, utaikatiza kila siku na kila siku utarudia ukurasa wa jana.

Pendekezo langu la kwanza ni hadithi za mpelelezi Bwana Msa, za Muhammed Said Abdulla. Anzeni na *Mzimu wa Watu wa Kale*. Kilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957/58 na kikachapwa 1960, na mpaka leo kinasomeka kama kimetoka juzi. Bwana Msa anavuta kiko chake, anauliza swali dogo ambalo kila mtu aliliona halina maana, na hapo ndipo fumbo linaanza kufunguka. Baada yake kuna *Kisima cha Giningi* (1968), *Duniani Kuna Watu* (1973), *Siri ya Sifuri* (1974) na vingine. Si lazima uvifuate kwa mpangilio, ila cha kwanza ukisome kwanza, maana ndicho kinachokujengea Msa ni mtu wa namna gani.

Kinachowashinda watu wa bara ni Kiunguja chake. Utakutana na maneno usiyoyasikia Kasulu wala Kibondo. Usisimame kwa kila neno. Weka nukta ya penseli pembeni, endelea, na ukifika nyumbani fungua kamusi. Ukisimama kila mstari unaua mwendo wa hadithi, na hadithi ya upelelezi ni mwendo. Nukta zikizidi tano kwa ukurasa, basi kitabu hicho ni cha mgahawani kwako, hata kama kwa mwingine ni cha kijiweni.

Reli_ya_Kati

Mkuu umeanza vizuri, lakini uzi wa Kigoma unaanzaje bila Ben Mtobwa? Mwana wa mkoa huu huu, aliyefariki 2008, na vitabu vyake ndivyo vilivyofundisha kizazi kizima kusoma riwaya bila kulazimishwa na mwalimu.

Kwa kahawa chukueni za mpelelezi wake Joram Kiango: *Tutarudi na Roho Zetu*, *Salamu Toka Kuzimu*, *Najisikia Kuua Tena*. Sentensi zake ni fupi, mazungumzo ni mengi, na sura ikikaribia mwisho lazima kuna kitu kinaning'inia. Ndiyo maana zinafaa kijiweni: hata ukikatizwa, akili imeshika kamba. *Dar es Salaam Usiku* ni ya namna nyingine, ni ya jiji na watu wake wa usiku, ina uzito zaidi. Hiyo isomeni mgahawani.

Wa pili ni Elvis Musiba na mpelelezi wake Willy Gamba: *Kufa na Kupona*, *Kikosi cha Kisasi*, *Njama*, *Hofu*. Nyuma ya hadithi zake kuna vita vya ukombozi kusini mwa Afrika, kwa hiyo kijana wa leo asiyezijua siasa zile anaweza kupotea kidogo. Njia nzuri ni kumuuliza mzee aliyekaa jirani. Wazee wa kijiweni wanazikumbuka siku zile, na ukurasa mmoja wa Musiba unaweza kukupatia somo la jioni nzima.

Tahadhari moja: hizi riwaya pendwa zilichapwa kwenye karatasi duni, na nyingi zilizobaki mtaani zimepita mikono mingi. Kabla ya kulipa, hakikisha kurasa za mwisho zipo. Riwaya ya upelelezi isiyo na kurasa kumi za mwisho haina kazi.

Gundi_na_Uzi

Hapo kwenye kurasa zinazokosekana naomba nitoe maelezo kamili, maana hasara hii huwapata watu kila siku.

Kitabu hakichapwi ukurasa mmoja mmoja. Karatasi kubwa hukunjwa, na mkunjo mmoja huwa kurasa 16 au 32. Kwa hiyo kitabu kikipoteza kurasa kiwandani, hupoteza mkunjo mzima, au mkunjo mmoja huingia mara mbili na mwingine haupo. Usipekue ovyo. Angalia namba kwenye maungio: 16 na 17, 32 na 33, 48 na 49, uendelee hivyo. Namba zinaweza kusogea kidogo kwa sababu ya kurasa za utangulizi, lakini ukishapata ungio la kwanza mengine yanafuata kwa hatua ile ile. Dakika mbili tu umemaliza.

Kitabu kilichokuwa mikononi mwa watu hupotezea kurasa mwanzoni na mwishoni. Kile cha kudurufu kwa wizi hujitambulisha kwa mambo matatu: herufi ni nene na zimevimba kidogo, ukingo wa ndani ni mwembamba kuliko wa nje mpaka maneno yanazama kwenye mgongo, na picha ya jalada ina ukungu. Acheni kununua hivyo. Mwandishi hapati kitu, na wewe unapata kitabu kinachoachia kurasa wiki ya pili.

Kitabu kipya cha gundi kina namna ya kufunguliwa. Kisimamishe mgongo ukiwa mezani. Laza jalada la mbele, kisha la nyuma, kurasa zikiwa bado zimesimama. Halafu laza kurasa chache za mbele, ukipitisha kidole taratibu kwenye ungio la ndani, kisha chache za nyuma, upande huu na upande ule, mpaka ukutane katikati. Ukikiparamia katikati siku ya kwanza, gundi inapasuka mstari mmoja, na kila ukikifungua kitafunguka pale pale mpaka kigawanyike vipande viwili.

Vile vya zamani, vya miaka ya 1970, gundi yake imekauka kama biskuti. Usivifungue zaidi ya upana wa kiganja. Vikivunjika usibandike selotepu: inageuka njano, gundi yake inayeyuka na kuunganisha kurasa. Mpelekee fundi avishone pembeni kwa uzi, matundu matatu au manne, kama nusu sentimita kutoka mgongoni. Lakini kwanza pima ukingo wa ndani. Kama hauzidi sentimita moja na nusu, mshono utakula maneno, bora kukifunga kwa bahasha na kukisoma hivyo hivyo.

MwanaUnyanyembe

Wana Kigoma, jirani yenu wa Tabora nimeingia. Mmesahau kwamba kuna vitabu vinavyopita kwenye ardhi yetu hii hii, na raha ya kusoma jina la mahali ukiwa umekaa mahali penyewe haina mfano.

Cha kwanza ni *Peponi*. Ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza 1994. Baada ya yeye kupata Tuzo ya Nobel 2021, Ida Hadjivayanis aliitafsiri na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Kijana Yusuf anatolewa kwao kwa deni la baba yake, anakwenda kuishi kwa tajiri Aziz, kisha anaingia kwenye msafara wa biashara unaokwenda bara hadi kuvuka ziwa. Ukiisoma Ujiji huku mitumbwi iko mbele yako, sura za safari zinakuwa na harufu. Kiswahili cha tafsiri ni cha pwani, kimetulia, na mazungumzo ya wapagazi na wafanyabiashara yana chumvi yake. Hii ni ya mgahawani: sura zake ni ndefu, na mambo mengi yanasemwa kwa kunyamaziwa.

Cha pili ni *Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi yaani Tippu Tip*, alichosimulia mwenyewe kwa Kiswahili. Toleo la Whiteley lina Kiswahili na Kiingereza pamoja. Sisomi hiki kumsifu mtu, biashara yake ilikuwa ya pembe na ya watu, na kitabu hakifichi. Lakini kwa mtu wa Tabora ni hazina: utamkuta mtemi Fundikira wa Unyanyembe, utaona jinsi ndoa na biashara zilivyofungamana, utasoma hesabu za pembe kwa frasila. Frasila ni kama ratili 35, yaani kilo 16 hivi, liandikeni hilo ndani ya jalada kabla ya kuanza. Kinachochosha ni kwamba anataja watu na vituo mfululizo bila kueleza. Soma ukiwa na kipande cha karatasi, chora mstari wa njia, weka jina la kituo kila linapotokea. Kurasa kumi kwa kikao zinatosha.

Na kwa kuwa Mwalimu Nyerere alisoma Tabora na baadaye akafundisha St. Mary's hapo hapo, wapenzi wa tamthilia watafuteni tafsiri zake za Shakespeare, *Juliasi Kaizari* na *Mabepari wa Venisi*. Tamthilia inavumilia kelele kuliko riwaya, kwa sababu jina la msemaji liko mbele ya kila kauli. Ukikatizwa unarudi bila kutafuta.

Bi_Mkubwa_Ujiji

Nyongeza kwa kaka wa Tabora kuhusu tamthilia. Mtu asianze na Shakespeare kijiweni, hata kwa tafsiri ya Mwalimu. Ni mashairi yasiyo na vina, yanataka usome kwa sauti ya ndani na upumzike mwisho wa mstari. Anza na *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe* ya Edwin Semzaba. Ni fupi, kazi ya kuhesabu watu inaharibiwa na mapenzi kijijini, na inakwisha kwa vikao viwili. Kisha nenda *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein (1969).

Kifungua_Mimba

Wakuu naomba msaada. Tangu nimalize kidato cha nne sijagusa kitabu cha Kiswahili. Nikiona riwaya naona maswali ya "jadili dhamira kwa kutumia hoja sita". Nataka kuanza upya, nina saa moja tu Jumamosi asubuhi. Nianze na kipi?

Kando_ya_Ziwa

Karibu sana, ndugu. Tatizo lako ni la wengi na lina dawa.

Shuleni ulifundishwa kusoma kwa kuwinda: dhamira hii hapa, tashbiha ile pale. Kusoma kwa raha ni kumfuata mtu. Kwa hiyo chukua kitabu ambacho kitakuondolea nafasi ya kuwinda. *Mfadhili* ya Hussein Tuwa inafaa. Najua nayo iliwekwa kwenye mtaala wa kidato cha tano na sita, lakini wewe hukuisoma, basi kwako ni mpya. Gaddi na Dania wanakushika sura ya kwanza tu. Ukiipenda, Tuwa ana nyingine za kasi zaidi: *Mkimbizi*, *Bondia*, *Utata wa 9/12*. Hizo zinapita haraka kuliko kahawa inavyopoa.

Baada ya hapo, *Vuta N'kuvute* ya Shafi Adam Shafi (1999). Yasmin, msichana mdogo wa Kihindi, anaozwa kwa mzee; Denge, kijana anayepigania uhuru, anaingia maishani mwake. Imekuwa filamu 2021, lakini soma kwanza ndipo utazame, maana kitabu kina utani na kuchokozana ambako filamu haiwezi kubeba kote. Shafi ana kipaji cha kukufanya usikie hatua za mtu kichochoroni. *Kuli* yake, ya wachukuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wa 1948, ni fupi na nyepesi zaidi. Ila *Haini* usiipeleke kwenye kahawa. Ni ya gerezani na mateso, isomwe nyumbani, mchana, ukiwa na nafasi ya kuiweka chini.

Saa yako moja igawe hivi. Dakika kumi za kwanza usifungue kitabu, kunywa, salimia watu, akili itulie. Arobaini soma. Kumi za mwisho usianze sura mpya. Ukimaliza sura, simama hapo. Ukiachia mwanzoni mwa sura mpya, wiki nzima utasahau nani ni nani. Na siku ya kwanza pima kasi yako: soma dakika kumi, hesabu kurasa. Ukipata tano, kitabu cha kurasa 200 kitachukua saa kama saba, yaani Jumamosi kumi kwa dakika zako arobaini. Ni nyingi mno kwa kuanzia. Chagua cha kurasa 100 au chini, ukimalize ndani ya mwezi na kidogo. Kumaliza kitabu cha kwanza ndiyo kazi. Cha pili kitakuja chenyewe.

Gundi_na_Uzi

Na kwa kuwa atanunua vilivyotumika vya wanafunzi, ambavyo ni rahisi na vipo vingi: afungue kurasa za mwanzo akiwa ameziba nusu kwa mkono. Wanafunzi huandika muhtasari mzima pale juu, nani anakufa na nani anaolewa. Hata pembeni mwa kurasa utakuta "ujenzi wa jamii mpya", "nafasi ya mwanamke", "takriri" kwa penseli. Kifute kabla ya kusoma, au mwombe mtu mwingine akufutie. Tumia kifutio cheupe laini, si kile chekundu cha mwisho wa penseli, kile kinakwangua. Shika karatasi kwa kidole karibu na mgongo, futa kuelekea nje tu. Ukifuta kwenda na kurudi, karatasi inajikunja na kuchanika. Wino wa kalamu hautoki, usijaribu kwa mate wala spiriti.

Kichomi_cha_Ziwa

Naona wote mmemkwepa Kezilahabi. *Rosa Mistika* (1971) mbona inafaa kabisa? Sentensi fupi, hadithi ya msichana wa Ukerewe na baba mkali mlevi, unaimaliza kwa siku mbili.

Bi_Mkubwa_Ujiji

Mwanangu, inaanza nyepesi na inaishia pazito. Iliwahi kuzuiwa mashuleni, kisha ikaja kuwa kitabu cha kusomeshwa, na sababu za yote mawili zimo ndani yake. Mtu aliyeketi kwa starehe yake ya Jumamosi asipoambiwa, ataondoka na huzuni asiyoitarajia. Mwambieni kwanza, kisha achague mwenyewe. *Kichwamaji* ndiyo zaidi.

Kichomi_cha_Ziwa

Nakubali kuhusu onyo, lakini sikubali kwamba kahawa ni ya vitabu vya kuchekesha tu. Kahawa yenyewe ni chungu na watu wanaifuata. Mtu anaweza kwenda mgahawani akiwa ameamua kusoma kitu kigumu kwa sababu hapo ndipo panapomkalisha. Nyumbani kuna watoto, kuna redio, kuna vyombo. *Nagona* (1990) ni kijitabu chembamba, hakina hadithi ya kawaida, ni kama ndoto na falsafa. Kurasa tano kwa kikao, kisha unaweka kidole ndani yake, unatazama nje. Ukikisoma kwa haraka hutapata kitu. Mgahawa ndio mahali pake.

Kando_ya_Ziwa

Umenishawishi kuhusu *Nagona*, kwa mtu ambaye ameshasoma riwaya mbili tatu za Kezilahabi. Kwa anayeanza, hapana.

Nafasi hiyo hiyo ya "kurasa tano unatazama nje" mimi ningempa Aniceti Kitereza, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali*. Alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza 1945, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kikachapwa 1980, mwaka mmoja kabla hajafariki. Ni kinene, hakiingii mfuko wa koti. Lakini hakina haraka yoyote. Mtu anakwenda kumfuata mke wake ukweni, na njiani utaelezwa jinsi watu wanavyosalimiana, wanavyokaribishana, wanavyotengeneza pombe ya ndizi, wanavyovua, hatua kwa hatua. Waha na Wakerewe si wamoja, lakini msomaji wa Kigoma atatikisa kichwa mara nyingi. Tatizo lake ni kukipata. Ukikikuta maktaba ya mkoa, kishike.

Mizani_Kumi_na_Sita

Hakuna aliyetaja ushairi, na ushairi ndio saizi halisi ya kikombe kidogo. Shairi moja, kikombe kimoja.

Anayesema ushairi ni mgumu mara nyingi anausoma kama gazeti. Chukua shairi la kimapokeo la Shaaban Robert. Mshororo una mizani 16, umegawanyika nane kwa nane, na kina cha kati kipo pale pale mgawanyiko ulipo. Soma nane, tua kidogo, soma nane, tua zaidi. Hesabu silabi kwa vidole mishororo miwili tu ya kwanza, baada ya hapo sikio linashika lenyewe. Ukifika mwisho rudia ubeti wa kwanza, utaona umebadilika maana. Ukishazoea, nenda *Sauti ya Dhiki* ya Abdilatif Abdalla (1973), mashairi aliyoyatunga gerezani Kenya. Kimvita chake, yaani Kiswahili cha Mombasa, kinataka subira, ila yapo mashairi ambayo yatakukalisha na kikombe kimepoa mkononi. *Kichomi* ya Kezilahabi (1974) haina vina wala mizani, hiyo usihesabu kitu, fuata picha.

Na kwa mwenye muda wa kikombe kimoja na hataki ushairi, hadithi fupi: *Damu Nyeusi na Hadithi Nyingine* na *Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine*. Zote ni mikusanyiko, waandishi mbalimbali. Usisome kwa mpangilio. Tazama yaliyomo, chagua iliyo fupi kuliko zote kwanza.

Reli_ya_Kati

Tuseme kidogo kuhusu kukaa, maana watu hulaumu macho. Hapa Kigoma jua linazama karibu saa moja jioni, kama dakika arobaini baada ya Dar, kwa sababu tuko magharibi kabisa na saa ni ile ile moja ya nchi nzima. Hiyo ni neema kwa msomaji: ukitoka kazini saa kumi na nusu bado una zaidi ya saa mbili za mwanga. Lakini baraza nyingi nzuri zinatazama ziwa, yaani machweo. Kuanzia saa kumi jua linakupiga usoni, na maji yanalirudisha mara ya pili. Geuza kiti, ziwa liwe begani kwako la kushoto au nyuma, ukurasa upate mwanga wa pembeni. Kiangazi upepo wa ziwa unapekua kurasa: beba klipu mbili za karatasi, moja kila upande.

Na kahawa yenyewe, ulizeni ya mkoani. Milima ya Kasulu na Buhigwe inatoa arabika nzuri, ni aibu kunywa ya unga wa kopo ukiwa hapa.

Kifungua_Mimba

Nimewasikia wote, asanteni sana. Nimepata *Kuli*, kurasa zipo zote, nimekagua maungio kama fundi alivyosema. Ila aliyeniuzia alishamwagia chai ya maziwa, kurasa kama thelathini zimeshikana. Na mimi mwenyewe nimeweka kashata juu yake, kuna doa la mafuta. Inawezekana kuokoa?

Gundi_na_Uzi

Inawezekana, ila usizibandue kwa nguvu zikiwa kavu, zitaondoka na herufi.

Kahawa chungu au chai ya rangi huacha doa tu. Maziwa na sukari ndiyo gundi, na ndiyo huita sisimizi na ukungu, hasa masika. Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kiloweshe maji safi, kikamue mpaka kisidondoshe. Kiweke kwenye ukingo ulioshikana dakika tano, si kusugua, kuweka tu. Kisha ingiza kisu cha plastiki au kadi ya zamani ya simu kati ya karatasi mbili, kianzie kona iliyo wazi, kisukume polepole kikiwa kimelala. Kikikwama, rudisha kitambaa. Karatasi moja baada ya nyingine, kurasa thelathini ni karatasi kumi na tano, jipe saa nzima.

Kila karatasi unayoitoa, weka karatasi ya chooni nyeupe katikati. Usitumie gazeti, wino wake utahamia. Badilisha baada ya nusu saa, kisha simamisha kitabu kimefunguka kama kipepeo, kivulini penye upepo, usiku mzima. Juani kitakauka haraka lakini kitakunjamana na hakitarudi. Kikiwa karibu kukauka, bado kina ubaridi ukikigusa kwa shavu, kilaze, weka ubao juu na matofali mawili, siku mbili.

Doa la mafuta ya karanga: nyunyiza poda ya mtoto pande zote mbili za karatasi, funga kitabu, weka kitu kizito mpaka asubuhi, kung'uta kwa brashi laini. Rudia mara ya pili. Halitaondoka lote, lakini halitaendelea kusambaa ukurasa wa pili.

Kurasa za katikati zikikushinda usizilazimishe. Niletee hapa picha ya ungio la ndani, niangalie kama ni gundi au uzi, nikuambie pa kuanzia.